Nyiragongo na Sisi Tunaokaa Chini Yake

Katika kurasa nyingine za kijitabu hiki mtasoma habari za mapadri waliotutangulia, na za makatekista waliotembea kwa miguu toka kilima hata kilima. Mimi nimeombwa kuandika juu ya jirani yetu mkubwa, aliyekuwapo hapa kabla ya misioni, na kabla ya mji wenyewe. Jina lake ni Nyiragongo.

Kwa miaka mingi, mgeni aliyelala Goma mara ya kwanza alitoka nje usiku akaona mbingu za upande wa kaskazini zimekuwa nyekundu. Alidhani pori linaungua. Alipoelezwa, aliuliza swali ambalo wageni wote huuliza: ninyi mnalalaje hapa? Sisi tulimjibu kwa kucheka, kwa maana mtoto wa Goma huuzoea mwanga ule kama mtoto wa pwani ya ziwa anavyozoea mawimbi. Lakini swali lake lilikuwa la haki, na jibu letu lilikuwa fupi mno. Nataka leo kulijibu kwa urefu zaidi.

Mlima una metri 3,470 juu ya bahari. Ziwa Kivu liko kwenye metri 1,460 hivi. Basi mtu aliyesimama ukingoni mwa ziwa ana mlima wa metri elfu mbili juu ya kichwa chake, na toka kinywa chake hata mjini hakuna kilometa ishirini. Nyiragongo ni mmoja wa milima minane ya Virunga, iliyopangwa toka mpaka wa Uganda na Rwanda hata kwetu. Wazee waliipa majina kwa kuitazama. Karisimbi, mrefu kuliko wote, una jina la simbi nyeupe, kwa sababu kichwa chake huwa cheupe wakati wa baridi kali. Sabyinyo ni mzee mwenye meno, nanyi mkiuona mtasadiki, kwa maana kilele chake kimevunjika-vunjika kama ufizi wa mzee. Muhabura ni kiongozi wa njia: huonekana toka mbali sana, na msafiri hapotei akiutazama. Sita kati ya hiyo minane imelala. Miwili tu ingali na moto: Nyamulagira, na huyu wetu. Na huyu wetu ana jina la kike, maana kwa lugha za hapa “Nyira” huanzisha majina ya wanawake. Kwa nini moto ulipewa jina la mwanamke, sitaki kugombana na akina mama wa parokia.

Hadithi iliyojulikana zaidi ya mlima huu ni ile ya Ryangombe, ambaye wengine humwita Lyangombe. Alikuwa mwindaji shujaa, mkubwa wa mizimu wote, na watu wa nchi nyingi za Maziwa Makuu walimheshimu katika ibada ya kubandwa, ambamo mtu aliingizwa kwa siri na kwa viapo. Ryangombe aliuawa na nyati wakati wa uwindaji. Hata shujaa ana siku yake. Baada ya kufa, yeye na watu wake walikwenda kukaa katika Karisimbi, mahali pa baridi na pa raha, wakinywa pombe na kuvuta tumbako pasipo kazi wala taabu. Wale waliokuwa wameingizwa katika ibada yake walimfuata huko. Waliokataa, na wenye matendo mabaya, hawakwenda Karisimbi. Walitupwa katika moto wa Nyiragongo.

Mnaona wenyewe jinsi hadithi hii ilivyopangwa juu ya nchi. Milima miwili inatazamana: mmoja mweupe, mmoja mwekundu. Mtu alijua toka utoto ni wapi angekwenda, naye aliweza kupaonyesha kwa kidole. Mapadri Weupe walipofungua misioni ya Nyundo upande wa Rwanda, mwaka wa 1901, hawakuwa mbali na mwanga ule. Msikilizaji wao wa kwanza aliposikia habari za moto wa milele hakuhitaji kuulizwa kama amekwisha kuona moto usiozimika. Sisemi kwamba mafundisho ni yale yale. Ya Ryangombe ilikuwa njia ya mizimu, na Kanisa lilikataza kubandwa kwa nguvu. Nasema tu kwamba mbegu iliangukia udongo uliokwisha kulimwa kidogo.

Lakini nimeifikiri sana hadithi hii kwa sababu nyingine. Ndani yake, mtu ndiye anayekwenda kwenye moto. Moto haumfuati mtu nyumbani kwake. Unakaa juu, ndani ya shimo lake, ukingojea wabaya. Nadhani hadithi ilikuzwa zaidi na watu wa vilima vya mbali, ambao waliona mwanga tu wala hawakulima katika miguu ya mlima. Nasi wa karibu tuliipokea hivyo hivyo: tukajifunza kutazama juu.

Wazungu nao walitazama juu. Wa kwanza wao kufika kileleni alikuwa Mjerumani, Gustav Adolf von Götzen, mwezi wa Juni 1894. Alikuwa ametoka Pangani mwishoni mwa 1893 na msafara wa wapagazi wa pwani, akapita Rwanda na kuonana na mwami Rwabugiri, kisha akaja kwenye milima yetu. Alichungulia ndani ya kinywa cha mlima, akaendelea na safari yake katika msitu wa Kongo hata upande wa pili wa Afrika. Miaka michache nyuma akawa gavana wa Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Mwaka wa 1925 Wabelgiji wakaweka Parki ya Albert, parki ya kwanza katika Afrika yote, ambayo leo tunaiita Virunga. Na mlima ukawa ndani ya mipaka yake, na kuupanda kukawa kwa ruhusa na kwa malipo.

Halafu akaja Haroun Tazieff. Mwaka wa 1948 alikuwa mwanajeolojia wa serikali ya Kongo, akatumwa kutazama Kituro, mlima mdogo uliozaliwa ubavuni mwa Nyamulagira. Baada ya hapo alipanda Nyiragongo, na katika shimo aliona jambo ambalo ni adimu duniani: ziwa zima la mawe yaliyoyeyuka, likichemka mchana na usiku. Alirudi mara nyingi pamoja na wenzake, wakateremka kwa kamba ndani ya kinywa chenyewe, na mwaka wa 1966 akatoa filamu ambayo jina lake maana yake ni “volkano iliyokatazwa”. Tangu hapo jina la Nyiragongo likaenda ulaya na Marekani, na watu wakaja kuupanda.

Njia yao huanza Kibati, barabarani kwenda Rutshuru. Ni mwendo wa saa nne, tano au sita, kadiri ya miguu ya mtu. Kwanza msitu wenye unyevu, halafu mawe meusi yanayovunjika chini ya viatu, halafu miti midogo ya baridi, na mwisho ukuta mkali ambapo mtu hupanda kwa mikono na magoti. Vijana wa Kibati na wa vijiji vya karibu walibeba mizigo, vyakula na makala ya kupikia, kwa kuwa juu kuna baridi ya kutetemesha meno. Wageni walilala katika vibanda vidogo ukingoni mwa shimo. Shimo lenyewe lina upana wa zaidi ya kilometa moja. Mtu alilala kifudifudi, akachungulia, akasikia ngurumo kama ya bahari, akaona ngozi nyeusi ya lava ikipasuka na kufungwa tena. Walioiona hawakuisahau. Wapagazi walirudi na mshahara wao, na nyumba nyingi za upande ule zilipata bati na karo ya shule kwa njia hiyo, mpaka vita na magonjwa yalipoanza kufunga njia: toka Mei 2018 hata Februari 2019 baada ya mlinzi wa parki kuuawa na wageni wawili kutekwa, na tena mwaka wa 2020 kwa ajili ya korona.

Sasa niwaombe mwangalie mahali pamoja katika njia ile. Kabla ya kufika juu, upande wa kusini, mpandaji hupita karibu na Shaheru, kinywa cha zamani kilichozimika, chenye majani mazuri. Watu hupumzika huko. Hunywa maji, hupiga picha za ziwa na za mji, huuliza saa ngapi zimebaki kufika kwenye moto. Nao kumbe wamekwisha kufika. Habari yote ya mlima huu iko katika jambo hilo: moto wa Nyiragongo huonekana kileleni, lakini hutoka kwenye mbavu na miguu.

Tulifundishwa jambo hili kwa mara ya kwanza siku ya Jumatatu, tarehe 10 Januari 1977. Ziwa la lava lilikuwa limepanda miaka mingi ndani ya shimo, kama maji katika pipa. Asubuhi ile pipa lilipasuka ubavuni. Nyufa zilifunguka kaskazini, magharibi na kusini, na ziwa lote likamwagika kwa muda usiofika saa moja. Lava ya Nyiragongo si kama ya volkano nyingine. Ina silika kidogo sana, kwa hiyo hainati kama asali. Inakimbia kama maji ya mvua kubwa. Kwenye mteremko ilipita mbio za kilometa sitini kwa saa, na wengine husema zaidi. Hakuna mguu wa mtu unaoshinda hiyo. Serikali ilihesabu wafu karibu sabini. Wengine walihesabu mamia. Hata tembo waliokolewa si wote: miili yao ilifunikwa, na baadaye watu waliona katika mawe mashimo yenye umbo la tembo.

Baada ya hapo mlima ulikaa kimya hata 1982, ukarudi kulala, ukaamka tena katikati ya 1994. Mwaka huo wote mnaukumbuka kwa sababu nyingine. Mwezi wa Julai mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda waliingia Goma kwa siku chache tu, na kipindupindu kikawashika. Ardhi ambayo walilazwa juu yake ilikuwa lava tupu. Jembe halikuingia. Watu walishindwa kuchimba vyoo, walishindwa kuchimba makaburi, na miili ikapangwa kando ya barabara ikingojea mashine. Waliokufa walifika makumi ya maelfu. Moto uliokuwa umezimika mamia ya miaka nyuma uliwanyima wafu hata shimo la kuzikwa.

Hapa lazima niseme neno juu ya mazuku, kwa sababu wageni wetu huenda hawalijui. Ni upepo mbaya, hewa isiyoonekana inayotoka katika nyufa za ardhi upande wa Mugunga, Bulengo na Ziwa la Kijani, na mahali pengine kando ya ziwa. Wataalamu wametueleza kwamba ni gazi ya kaboni, nzito kuliko hewa. Hukusanyika katika mabonde madogo, hasa usiku na alfajiri kusipokuwa na upepo. Mtu mzima anaweza kupita amesimama asisikie kitu. Mbuzi anayeinama kula majani hufa. Mtoto anayeokota kitu chini hufa. Wazee hawakujua jina la gazi, lakini walijua mahali, na walijua saa. Walikataza watoto kushuka katika mabonde yale asubuhi kabla jua halijapanda, na mahali palipokutwa ndege na panya wamekufa hawakujenga. Neno lao limeingia katika vitabu vya wataalamu wa dunia nzima: nao huandika “mazuku” tu, bila kulitafsiri.

Nilipoyaweka mambo haya mawili pamoja nilishangaa. Hadithi ya Ryangombe ni nzuri kuliko onyo la mazuku, ina mashujaa, nyati na pombe. Lakini ile ya kwanza haikumwokoa mtu hata mmoja mwaka wa 1977, nayo ya pili imeokoa watoto wengi wasiohesabika. Moja ilitungwa na watu waliotazama mwanga toka mbali. Nyingine ilitungwa na mama aliyepoteza mbuzi.

Mwaka wa 2002 ulikuwa zamu ya mji wenyewe. Siku ilikuwa Alhamisi, tarehe 17 Januari, sikukuu ya Mtakatifu Antoni Abate, ambaye Wakristu wa ulaya tangu zamani humwomba awakinge na moto. Mtaalamu wetu Dieudonné Wafula alikuwa amekwisha kuonya kwamba mlima unageuka. Lakini ilikuwa wakati wa vita, na onyo la mtu mwenye vyombo vichache halikupata masikio. Asubuhi ile ufa ulifunguka karibu na Shaheru, ukashuka kama kitambaa kinachochanwa hata Munigi, mlangoni mwa mji. Safari hii lava haikuhitaji kutoka juu na kukimbia. Ilitoka chini, karibu na nyumba, ikaenda polepole, na hiyo polepole ndiyo iliyookoa watu wengi. Ilifunika sehemu ya kiwanja cha ndege, ikakata mji vipande, ikala maduka na mtaa mzima wa biashara, ikafika ziwani ikitoa mvuke. Kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu likaangamia pamoja na vyote. Mamia ya maelfu walivuka mpaka kwenda Gisenyi usiku, na watu 120,000 hivi walibaki bila nyumba. Siku nne baadaye, tarehe 21, watu waliokuwa wakichota mafuta katika kituo cha esansi kilichozungukwa na lava waliungua wakati kituo kilipolipuka. Kwa jumla wafu walipita mia moja.

Wazungu waliotuletea mahema ng'ambo ya mpaka walishangaa kuona kambi zinabaki tupu. Watu walirudi baada ya siku mbili au tatu, wakivuka juu ya lava iliyokuwa bado na joto, wamebeba magodoro kichwani, soli za viatu zikinuka. Wengine walituhukumu kuwa wajinga. Lakini mwenye duka lililobaki wazi na mwenye shamba la maharagwe Kibati hawawezi kula katika hema la Gisenyi maisha yao yote. Ardhi ile ile inayotuua ndiyo inayotulisha, na hakuna mahali katika Kivu panapozaa viazi kama miguu ya Virunga. Tulirudi, tukavunja mawe, tukayauza, tukajenga nayo. Mitaa mingine ya katikati ya mji leo iko juu kuliko ya zamani. Kuna nyumba ambazo ghorofa ya kwanza imekuwa mlango wa barabarani, na chini yake kuna chumba kilichojaa jiwe.

Hapo ndipo naona kosa letu, nami najihesabu ndani yake. Baada ya 2002 tulijifunza ushujaa wa kurudi, lakini hatukujifunza kukumbuka ni wapi ufa ulipita. Wakaaji waliongezeka hata kupita milioni moja, wengi wao wakikimbia vita vya Masisi na Rutshuru, nao walijenga pale palipokuwa na nafasi: kuelekea kaskazini, Munigi, Buhene, juu ya mawe ya 1977 na ya 2002. Waliokuja wapya hawakuwa na mtu wa kuwaambia. Mama aliyezaa mwaka wa 2002 alimsimulia mtoto wake habari za mwanga mwekundu, kwa kuwa ni habari nzuri. Hakumpeleka kumwonyesha ufa.

Jumamosi, tarehe 22 Mei 2021, ilikuwa mkesha wa Pentekoste. Kwaya zilikuwa zimekwisha kufanya mazoezi, na nguo nyekundu za misa zilikuwa tayari. Jioni, kabla ya saa moja, mbingu za kaskazini zikawa nyekundu kuliko kawaida, na mara hii hakukuwa na onyo lolote. Ubavu wa mlima ulikuwa umefunguka tena. Watu walikimbia gizani, wengine kuelekea Gisenyi, wengine kuelekea Sake, na watoto wengi wakapotezana na wazazi wao katika msongamano. Lava ilimeza nyumba nyingi za vijiji vya kaskazini, ikaja mpaka Buhene, mlangoni mwa mji, karibu na kiwanja cha ndege, ikasimama. Zaidi ya watu thelathini walikufa. Baadhi yao hawakuguswa na moto, bali walijaribu kuvuka juu ya lava mpya wakashindwa kupumua kwa gazi. Siku tano baadaye, ardhi ikiendelea kutetemeka, serikali iliamuru mitaa kumi kuondoka, na mji ukahama tena.

Asubuhi ya Pentekoste jua lilitoka kama siku nyingine. Kule Buhene watu walisimama mbele ya ukuta mweusi unaotoa moshi, mrefu kuliko mtu, uliofunga barabara ya Rutshuru toka upande hata upande. Mzee mmoja alikuwa akionyesha watoto kwa fimbo yake. Hakuwaonyesha kilele, ambacho kilikuwa kimefunikwa na mawingu. Aliwaonyesha mahali katika mteremko, chini kabisa, ambapo mvuke mweupe ulikuwa ukitoka katikati ya mashamba ya maharagwe.